Kocha anafungwa kila wiki, mbona chuo hakimtimui?

Swali: Shikamoo kocha. Mimi Mtanzania, nasoma Marekani mwaka wa pili sasa. Nimejikuta nashabikia timu ya kikapu ya chuo chetu kuliko nilivyotegemea, ila msimu huu ni kufungwa tu mpaka tunaona aibu kuvaa jezi. Ukumbini wanafunzi wanaimba kocha aondoke, mtandaoni ndo usiseme. Nyumbani nimezoea, Simba au Yanga ikiteleza mechi mbili kocha kafungashiwa virago. Huku mkurugenzi wa michezo anatoa taarifa tu kwamba wako nyuma yake. Wanamlea kwa sababu gani? Na mimi nijiunge na wanaoimba au ninyamaze? Na je, mtu atajuaje kama kocha kweli hafai au ni timu tu mbovu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole kwa vipigo. Umeniuliza maswali matatu kwa mpigo, ntaanza na la hela maana kule vyuoni ukishaielewa hela mengine yote yanajieleza.

Ni kweli huku kwetu mambo huenda chap. Novemba 5, 2023 Simba ilipigwa 5-1 na Yanga, na ndani ya siku chache Robertinho hakuwa kocha tena. Mwaka uliofuata Novemba hiyohiyo Yanga ikafungwa na Azam, ikaja ikafungwa 3-1 na Tabora United, Gamondi naye kibarua kikaota nyasi, wakati ndo katoka kuwapa ubingwa. Mashabiki wakapoa, kocha mpya akatua uwanja wa ndege akavishwa skafu, maisha yakaendelea. Ndo picha uliyonayo kichwani, na ndo maana huyo wa chuo chenu akikaa unaona kama kuna mtu anamfichia maovu.

Sasa kule kocha wa chuo kikubwa anasaini mkataba wa miaka mitano, sita, wengine mpaka kumi, na sehemu kubwa ya hela ile ni ya kwake hata ukimfukuza kesho asubuhi. Angalia chuo cha Indiana, 2021 walimtimua kocha Archie Miller na fidia yake ilikuwa zaidi ya dola milioni 10, yaani unamlipa mtu milioni 10 aache kufanya kazi! Na hela hiyo haikutoka kwenye ada yako wala kwenye bajeti ya maktaba, walichanga matajiri wanaoipenda timu. Kwa hiyo mkurugenzi wa michezo anaposema yuko nyuma ya kocha, mara nyingi maana yake ni kwamba bado anapiga simu kutafuta nani atachangia, na mtu wa kwanza akimjibu "mimi nipo, andika milioni mbili" ndo mchakato umeanza, hata kama hadharani bado anamsifia kocha.

Kentucky ndo mfano mzuri zaidi. Kocha wao John Calipari alipewa mkataba wa miaka kumi 2019, kipindi anapendwa. Baadae mambo yakaanza kwenda mrama, 2020-21 wakamaliza na ushindi 9 na vipigo 16, 2022 wakatolewa raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa na Saint Peter's, kachuo kadogo kutoka New Jersey ambako wengi hawakuwahi hata kukasikia, halafu Machi 2024 wakatolewa tena raundi ya kwanza na Oakland 80-76, kijana mmoja anaitwa Jack Gohlke akawatupia mipira kumi ya pointi tatu. Kumi! Mashabiki wa Kentucky walichanganyikiwa, walitaka mtu aondoke usiku uleule. Ila kumtimua kulikuwa kunagharimu kama dola milioni 33. Nani anatoa? Wakatangaza kwamba anarudi. Wiki chache mbele Calipari mwenyewe akaondoka kwenda Arkansas na Kentucky ikajikuta haidaiwi fidia. Usidhani watu walilia sana pale.

Kuna njia nyingine ambayo mashabiki huipigia debe sana, ya kumtimua kwa kosa ili asilipwe. Connecticut walijaribu. Kevin Ollie aliwapa ubingwa wa taifa 2014, kisha timu ikaporomoka, msimu wa 2016-17 wakafungwa michezo 17, uliofuata 18, na Machi 2018 wakamfukuza wakisema kavunja kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa hiyo hatudaiwi kitu. Akakomaa nao. Januari 2022 msuluhishi akaamua alipwe dola zaidi ya milioni 11. Kwa hiyo ukisikia mwenzako hapo ukumbini anasema "wamtafutie kosa tu", mwambie wenzio walishatafuta.

Kingine ni kalenda. Simba ikimfukuza kocha Novemba, kuna kocha mwingine Ulaya au Afrika Kusini yuko nyumbani anasubiri simu. Kikapu cha vyuo kinaanza Novemba kinaisha Machi, mwanzo wa Aprili, na makocha wote unaowataka wako kazini mahali pengine mpaka timu zao zitolewe, ukimfukuza wako Januari unabaki na msaidizi wake mpaka mwisho wa msimu na bado hujampata mtu. Mikataba mingine pia ina tarehe ambayo ikipita fidia inashuka. Mara nyingi ni mwishoni mwa Machi au mwanzo wa Aprili, na wiki moja tu inaweza kuwa na tofauti ya mamilioni. Ukiona chuo chenu kimekaa kimya mpaka siku fulani halafu ghafla taarifa inatoka saa tatu asubuhi, usishangae, ilikuwa imeshaandikwa.

Na kama kocha ni mtoto wa nyumbani ndo inachelewa zaidi. Patrick Ewing pale Georgetown ndiye aliyewapa ubingwa wa 1984 akiwa mchezaji, sanamu linalotembea, wakampa ukocha 2017. Msimu wa 2021-22 kwenye ligi yao ya Big East walicheza michezo 19 wakafungwa yote 19. Sifuri! Kwa kocha mgeni hiyo ni tiketi ya ndege siku hiyohiyo. Yeye walimwongeza msimu mwingine, akashinda 7 akafungwa 25, ndo wakaachana naye Machi 2023. Ukiniuliza mimi ule msimu wa nyongeza ulikuwa ukatili kwake yeye mwenyewe, maana mtu aliyekuwa anashangiliwa kwa jina miaka 40 anakaa kwenye benchi anasikiliza ukumbi wake ukimzomea, lakini ni nani angekuwa wa kwanza kumwambia?

Haya, tuje kwenye lile gumu, kocha mbovu utamjuaje.

Nikupe siku moja tu. Machi 12, 2024, Washington, siku ya kwanza ya mashindano ya ligi ya ACC. Louisville wanacheza na NC State. Makocha wote wawili wanachukiwa na mashabiki wao. Kenny Payne wa Louisville, naye mtoto wa nyumbani, bingwa wa 1986 kama mchezaji, msimu wake wa kwanza alishinda 4 akafungwa 28, wa pili ndo huo anaelekea kumaliza na 8 kwa 24. Upande wa pili Kevin Keatts wa NC State, timu yake imetoka kufungwa michezo minne mfululizo na huko Raleigh, mjini kwao, watu wanajadili tu nani aje baada yake. NC State wakashinda 94-85. Kesho yake Payne akafukuzwa, fidia kama dola milioni 8.

Keatts je? Walioshinda siku ile wakarudi kotini kesho yake wakawafunga Syracuse, keshokutwa wakawafunga Duke, siku ya nne wakakutana na Virginia na hapo ndo naomba utulie uone. Zimebaki sekunde tano na kitu, NC State wako nyuma kwa pointi tatu, kijana wa Virginia yuko kwenye mstari wa mitupo huru, akipata huo wa kwanza gemu imeisha na kwa maoni ya watu wengi Keatts kaisha. Akakosa. Ribaundi, mpira ukapewa Michael O'Connell, akakimbia nao kuvuka katikati, akaurusha mbio mbio kabla king'ora hakijalia, ukagonga ubao, ukachezacheza kwenye ringi ukaingia. Muda wa nyongeza, NC State wakashinda 73-65. Kesho yake wakawafunga North Carolina wakabeba ubingwa wa ACC ambao hawakuwa wameugusa tangu 1987, michezo mitano siku tano, wakaingia kwenye mashindano ya taifa wakafika mpaka nne bora. Mkataba wa Keatts ukaongezeka miaka miwili wenyewe kwa sababu ya kile kikombe.

Msimu uliofuata NC State wakashinda 12 wakafungwa 19, na Machi 2025 Keatts akatimuliwa.

Sasa niambie, ule mtupo wa O'Connell ulimfanya Keatts awe kocha bora? Aliamka Ijumaa mbovu akalala genius? Hapana bwana. Alikuwa kocha yuleyule Februari, Machi na mwaka uliofuata. Kilichobadilika ni matokeo, na matokeo ya kikapu cha vyuo, hasa ule mwezi wa Machi, yana bahati nyingi sana ndani yake. Kwa hiyo kabla hujamhukumu huyo wa kwenu kwa ubao wa magoli, kaa chini uangalie anafungwaje.

Chukua huyohuyo Payne. Michezo yake mitatu ya kwanza ya msimu wa 2022 alifungwa 67-66 na Bellarmine, 73-72 na Wright State, 61-60 na Appalachian State. Pointi moja, pointi moja, pointi moja. Ukiangalia hiyo peke yake unasema masikini, huyu ana mkosi, mpe muda. Kisha wakaenda mashindano ya Maui huko Hawaii wakafungwa na Arkansas kwa pointi 26, wakafungwa na Texas Tech 70-38, wakafungwa na Cincinnati kwa 19. Pointi 38 kwenye dakika 40, hiyo siyo mkosi tena. Na dalili ilishaonekana kabla hata msimu haujaanza, maana kwenye mchezo wa kirafiki walifungwa 57-47 na Lenoir-Rhyne, timu ya daraja la pili. Mwaka uliofuata, kabla ya msimu tena, wakafungwa na Kentucky Wesleyan, nayo daraja la pili! Yaani mwaka mzima wa mazoezi umepita na tatizo ni lilelile. Hapo ndo mimi nilikuwa naungana na mashabiki wa Louisville, na mji ule wana watu wetu wengi wa Congo wanaoongea Kiswahili kwa hiyo malalamiko yao nimeyasikia kwa lugha safi kabisa, siyo kwa sababu ya idadi ya vipigo bali kwa sababu timu ya mwezi wa pili wa mwaka wa pili ilikuwa haina tofauti na ya siku ya kwanza.

Linganisha na kisa ambacho Mtanzania yeyote wa kikapu anatakiwa akijue. Hasheem Thabeet alipoingia Connecticut 2006, timu ilikuwa ya watoto watupu, nyota waliotangulia wengi walikuwa wameenda NBA. Msimu ule walimaliza na 17 kwa 14, hawakwenda mashindano ya taifa, na kwa chuo kile hiyo ni kashfa. Kocha alikuwa Jim Calhoun, mtu mwenye mataji mawili tayari, kwa hiyo hakuna aliyethubutu. Mwaka wa pili 24 kwa 9. Mwaka wa tatu, 2008-09, wakafungwa michezo mitano tu msimu mzima, wakafika nne bora, na Hasheem akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA. Vijana walewale walikua. Ungeuangalia ule mwaka wa kwanza kwa makini ungeona watoto wanakosea leo hiki, kesho kingine, kile cha jana wameshakiacha. Hiyo ndo timu ya kuivumilia.

Basi fanya hivi, gemu ijayo usiangalie mpira tu. Chukua simu yako au kikaratasi, hesabu ni mara ngapi timu yenu imekuwa na mpira, kila wakienda kushambulia ni moja, mpaka wafunge, wapoteze au wapinzani wadake. Kwenye mchezo wa kawaida wa vyuo wanaume inakuja kama 65 mpaka 70. Kisha gawa pointi zenu kwa hiyo namba. Ukipata juu kidogo ya 1.1 mnashambulia vizuri tu, ukipata chini ya 1 mna shida. Fanya hivohivo kwa wapinzani. Hii ni muhimu kwa sababu timu inayocheza taratibu inaweza kufunga pointi 62 na ikawa imeshambulia vizuri, na inayokimbia ikafunga 80 ikawa imecheza ovyo, ila shabiki anaona 62 anasema kocha hajui kushambulia.

Kisha angalia mipira inayopotea bila mtu kurusha. Kumi, kumi na mbili, sawa. Ikifika kumi na saba kila wiki, tena pasi za kizembe za pembeni zinazodakwa na kukimbiziwa danki upande wa pili, hapo kuna kitu mazoezini hakifanyiki. Angalia pia ile saa ya sekunde 30, muda ambao timu inatakiwa iwe imerusha. Timu iliyofundishwa vizuri zikibaki sekunde 12 tayari mpira umeshatoka upande mmoja kwenda mwingine na ulinzi umeshahama. Timu isiyofundishwa utaona sekunde 8 zimebaki, gadi anadunda tu juu kule, wenzie wanne wamesimama wanamwangalia kama wamelipa kiingilio, halafu anarusha kombora gumu la mkono mmoja. Ikiwa mara moja ni mchezaji kapaniki. Ikiwa kila mara, huo ndo mpango wenyewe, au hakuna mpango, na hilo ni la kocha moja kwa moja.

Ila kipimo changu mimi ninachokipenda ni shambulizi la kwanza baada ya taimu auti. Pale kocha kapewa muda, ana ubao wake na kalamu, kachora, kila mtu kamsikia. Wakitoka pale, wanapata mtupo mzuri? Siongelei kuingia, kuingia ni bahati ya mkono, naongelea kama mtu kaachwa huru au kapata mpira karibu na ringi. Fuatilia gemu tatu hivi. Ukiona wanatoka taimu auti na bado wanaulizana kwa mikono nani asimame wapi, hiyo inatosha, huhitaji takwimu nyingine.

Na ulinzi, hasa ile pale mshambuliaji mrefu anapokuja kumwekea gadi kizuizi. Wale mabeki wenu wawili wana jibu? Kuna anayemfuata gadi na anayerudi na mrefu, au wote wawili wanamfuata gadi na mrefu anabaki peke yake chini ya ringi anadanki huku wanaangaliana? Kukosea Novemba ni kawaida kabisa. Februari wakiwa bado wanaangaliana, eeh.

Kuna vitu usimtupie kocha jumba bovu. Wapinzani kutupia pointi tatu asilimia 50 usiku mmoja, hiyo inakuja na kuondoka. Mitupo huru ya wachezaji wako kwenye dakika ya mwisho, hivohivo. Michezo ya kuamuliwa na pointi mbili tatu, kwa misimu mingi huwa inagawanyika karibu nusu kwa nusu. Kama huyo wenu kafungwa mitano ya hivo, bahati yake imemkalia vibaya na mwakani inaweza kumgeukia bila yeye kubadili chochote. Na hapo mkurugenzi atasifiwa kwa uvumilivu, haha.

Lingine ambalo mashabiki wengi bado hawajalizoea ni wachezaji kuhama. Zamani kijana akihama chuo alikuwa anakaa nje msimu mzima. Tangu 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu, na 2024 wakafungua kabisa, ahame atakavyo mradi masomo yanaenda. Mwaka huohuo wa 2021 wakaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, yaani hela za matangazo, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa vile vilivyokubali mfumo huo kikomo cha mwaka wa kwanza ni kama dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo. Hii imebadilisha hesabu za kocha kwa namna mbili zinazogongana. Kwanza imemnyang'anya ule msamaha wa "nipeni miaka minne nijenge", maana mwenzie anajenga ndani ya miezi mitatu. Baada ya Payne, Louisville walimchukua Pat Kelsey kutoka College of Charleston, akaja akakuta kikosi karibu chote kimeondoka, akasajili upya kabisa kama timu ya ligi kuu dirisha kubwa, na msimu wake wa kwanza akashinda 27 akafungwa 8. Kutoka 8 mpaka 27 kwa mwaka mmoja! Baada ya pale kila shabiki wa kila chuo kinachofungwa ana mfano wa kumwonyesha mkurugenzi.

Pili, milioni 8 unazomlipa kocha aondoke ni milioni 8 ambazo huna za kusajilia. Matajiri ni walewale. Ukiwapigia simu Machi wachange fidia, Aprili utawapigia tena wachange za wachezaji? Kwa hiyo kwa vyuo vya kati, na nahisi cha kwenu ni kimojawapo, swali la mkurugenzi siku hizi siyo "huyu kocha anafaa?" Ni kwamba hela niliyonayo niitumie kumwondoa huyu au kumpa huyuhuyu wachezaji wazuri nione. Mimi naona wengi wanakosea upande wa kumvumilia kocha ambaye timu yake haijifunzi, maana kumpa kocha wa hivo wachezaji ghali ni kutupa hela mara mbili. Lakini ni uamuzi mgumu kweli, na shabiki aliyekaa kiti cha juu kabisa ukumbini anapiga kelele bila kulipa hata senti tano hauoni.

Maana wapo waliovumilia na wakapatia. Duke msimu wa 1981-82 walishinda 10 wakafungwa 17, uliofuata 11 kwa 17, na waliumaliza kwa kupigwa na Virginia 109-66. Wafadhili walitaka kocha aondoke. Mkurugenzi wao Tom Butters, Januari 1984, wakati kelele bado zipo, akampa mkataba mpya. Kocha yule ni Mike Krzyzewski, na baadae alileta mataji matano. Watu wanaitumia sana hiyo stori kumtetea kila kocha anayefungwa, na mimi huwa inanikera kidogo, kwa sababu kwa kila Krzyzewski mmoja kuna makumi waliovumiliwa wakaendelea kufungwa tu na hakuna anayewakumbuka. Aliyoyaona Butters hayakuwa kwenye jedwali la matokeo. Darasa lile la vijana waliosajiliwa 1982 lilikuwa zuri sana, lilikuwa linafungwa kwa sababu lilikuwa bado changa, na miaka minne baadae walewale walicheza fainali ya taifa.

La kuimba sasa. Uimbe au unyamaze?

Kwa kocha mwenyewe sina huruma nyingi. Kwenye majimbo mengi ya kule mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, kuliko gavana, ni kocha wa futiboli au wa kikapu wa chuo. Mtu akilipwa mamilioni kwa mwaka kuzomewa ni sehemu ya kazi, na wengi wao wanajua hivo. Shida yangu ni kwamba ule wimbo haumfikii yeye tu. Nyuma ya benchi lenu siku za gemu kubwa wanakaa vijana wa sekondari na wazazi wao, wamekuja kukiangalia chuo, kocha yeyote ajaye atawahitaji haohao. Na wale walioko kotini ni vijana wa miaka 19, 20, baadhi mnakaa nao darasani. Mtoto anarusha mtupo huru nyumbani kwake na watu wake wanaimba kocha atoke, mkono hautulii. Mpinzani ndo anafurahi.

Mtandaoni ndo balaa, kwa sababu kule wanaotukana siyo wote mashabiki, kuna waliochanika mikeka. Mtu aliweka hela kwamba kijana fulani atafunga pointi 15, kafunga 13, anamtumia ujumbe wa kumtakia mama yake mabaya. NCAA wamekuwa wakilipigia kelele sana hilo miaka ya karibuni. Huko usiwepo kabisa, hata kwa kulike.

Kama unataka mkurugenzi akusikie, anasikia viti. Ukumbi wa Louisville unabeba watu kama 22,000, na ule msimu wa mwisho wa Payne kamera zilikuwa zinahangaika kutafuta pa kupiga picha pasipo na viti vitupu. Kiti kitupu ni tiketi, maegesho, hotdogi na soda ambazo hazijauzwa, na ni tajiri mwenye kiboksi chake anayejiuliza analipia nini. Wimbo unaisha ukishatoka nje lakini ile hesabu ya tiketi inawekwa mezani kila Jumatatu. Wewe ni mwanafunzi, tiketi yako pengine ni bure au karibu na bure, kwa hiyo usijidanganye kwamba kugoma kwako peke yako kutamtisha mtu, ila mkiwa upande mzima wa wanafunzi mmekosekana kwenye gemu inayoonyeshwa kwenye televisheni, hiyo inaonekana. Kuna pia uchaguzi wa kuandika barua pepe yenye adabu kwa ofisi ya michezo, unacheka lakini zinasomwa, hasa ukiandika kilichotokea kotini badala ya matusi.

Mimi ningekuwa wewe ningeenda, ningewashangilia vijana, ningenyamaza wimbo ukianza, na ningehesabu. Bado una gemu za Februari na zile za mwanzo wa Machi. Fuatilia zile taimu auti na ule ulinzi wa kizuizi, linganisha na gemu za Desemba, nyingi utazipata zimerekodiwa. Wakiwa wamebadilika, hata kama wanafungwa, mimi ningempa mwaka mmoja. Wakiwa vilevile, basi wanaoimba hapo wako sahihi hata kama hawajui kwa nini, na ushauri wangu uanze kuangalia makocha wa vyuo vidogo vinavyofanya vizuri kwenye ligi za jirani, maana huyo ajaye saa hizi yuko kwenye ukumbi wa watu elfu tatu anafundisha. Nitumie hizo namba zako ukimaliza, nitakwambia ninavyoziona.